Kisukari cha mimba: mwongozo kamili kuanzia kipimo cha wiki ya 24 hadi baada ya arobaini

Kisukari cha mimba hakiumi. Mama anaweza kupanda daladala kila alfajiri kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, akauza vitenge vyake, akarudi jioni akapika na kulala, na huku sukari yake iko juu miezi mitatu mfululizo bila kitu cha kumshtua. Kiu, uchovu na kwenda haja ndogo kila mara ni mambo ya kila mwenye mimba, kwa hiyo hayamwambii lolote. Kinachomwambia ni kipimo.

Mwongozo huu ni wa mama aliyeambiwa akapime, wa yule aliyekwishapewa majibu, na wa wanaopika nyumbani kwake. Hauchukui nafasi ya kliniki. Dozi yoyote ya dawa iamuliwe na anayekuhudumia, mwenye kadi yako mkononi.

Sukari inavuka, insulini haivuki

Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama isifanye kazi kwa wepesi wake wa kawaida. Mwili umepanga hivyo ili sukari ikae kidogo kwenye damu baada ya mlo na mtoto apate chakula. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini zaidi. Kuanzia wiki ya 20 hadi ya 24 homoni hizo huongezeka kwa kasi, na kongosho lisipoweza kwenda nazo sambamba, sukari hubaki juu.

Sukari ya mama hupita kwenye kondo kwenda kwa mtoto. Insulini ya mama haipiti. Mtoto akipokea sukari nyingi analazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe, tena nyingi. Jørgen Pedersen, daktari wa Copenhagen, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1950, na hadi leo ndilo linalofafanua karibu kila madhara utakayoyasoma hapa chini. Kwa mtoto aliye tumboni insulini hufanya kazi ya kukuza: mafuta hujaa mabegani na tumboni, huku kichwa kikibaki cha kawaida. Ndiyo maana wakati wa kujifungua kichwa hutoka na bega hukwama. Insulini hiyohiyo huchelewesha mapafu kukomaa, ndiyo maana mtoto wa kilo 4 anaweza kuhema kwa shida kama njiti. Na kitovu kikishakatwa, sukari ya mama hukatika palepale lakini insulini ya mtoto inaendelea kufanya kazi, hivyo sukari yake huporomoka.

Hapa Dar mtoto mnono hupigiwa vigelegele. Mama akijifungua wa kilo 4.6, wageni husema kalishwa vizuri. Uzito huo unapaswa kumfanya mtu aulize habari za sukari.

Kwa mama, hatari ni presha ya mimba na kifafa cha mimba, maji mengi kupita kiasi kwenye chupa, fangasi na maambukizi ya mkojo yanayorudi, kuchanika, kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na upasuaji. Kwa mtoto, mbali na yaliyotajwa, kuna mkono kulegea kwa kuvutwa mishipa ya fahamu ya bega, manjano, na pale sukari isiposhughulikiwa kabisa, kufia tumboni katika wiki za mwisho. Ulemavu wa moyo au uti wa mgongo hutokana zaidi na kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba, kwa sababu viungo hujengeka wiki nane za mwanzo. Kisukari kinachoanza wiki ya 26 hukuta viungo vimeshaumbika.

Nani apimwe, na lini

Muda wa kawaida ni wiki ya 24 hadi 28. Usisubiri hadi hapo, omba kupimwa hudhurio la kwanza, ikiwa una mojawapo ya haya: ulikuwa na kisukari katika mimba iliyopita, ulijifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi, mimba iliharibika ukubwani au mtoto alifia tumboni bila sababu kujulikana, mzazi, kaka au dada yako ana kisukari, uzito ulikuwa mkubwa kabla ya mimba, umri umepita miaka 35, au una historia ya vifuko kwenye ovari. Ukipimwa mapema ukakutwa salama, bado unarudia wiki ya 24 hadi 28. Majibu ya wiki ya 12 hayasemi chochote kuhusu homoni ambazo bado hazijapanda.

Kipimo cha mkojo cha kliniki hakitoshi. Katika mimba figo huachia sukari kirahisi, kwa hiyo mkojo unaweza kuonyesha sukari kwa mama mzima, na wapo wengi wenye kisukari cha mimba ambao mkojo wao ni safi. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, nacho kina kasoro: damu ya mjamzito hubadilika haraka, na upungufu wa damu au seli mundu, vyote vya kawaida katika mwambao wetu, huyapotosha majibu. Kinachotakiwa ni kunywa glukosi ya gramu 75 na kutolewa damu mara tatu. Zahanati yako ikiwa haina, omba karatasi ya rufaa. Kwa Dar hospitali za rufaa za mkoa ni Amana kwa upande wa Ilala, Mwananyamala kwa Kinondoni, na Temeke.

Asubuhi ya kipimo

Kipimo hiki huharibiwa na vitu vidogo, kwa hiyo kifuate neno kwa neno.

Siku tatu kabla, kula kama kawaida yako, wali na ugali vikiwemo. Ukijinyima wanga siku hizo ili majibu yawe mazuri, mwili husahau kupokea sukari na majibu huweza kuja mabaya kuliko hali halisi. Siku ya mwisho maliza chakula cha usiku kabla ya saa 3. Baada ya hapo ni maji matupu tu. Chai ya rangi isiyo na sukari hapana, ubuyu hapana, bigijii hapana. Unatakiwa ukae bila kula saa 8 hadi 14, kwa hiyo ukitolewa damu saa 2 asubuhi uko ndani ya muda. Ukifika saa 6 mchana kwa sababu ya foleni ya Mandela, kipimo kimeshaharibika.

Damu ya kwanza hutolewa kwenye mshipa wa mkono. Kisha utapewa glukosi gramu 75 iliyokorogwa kwenye maji ya mililita 250 hadi 300. Hapa angalia: gramu 75 hupimwa kwa mizani au huja kwenye pakiti iliyoandikwa kiasi hicho. Vijiko havikubaliki. Inywe ndani ya dakika 5. Muda unaanza kuhesabiwa pale unapopiga funda la kwanza, kwa hiyo mtazame nesi aandike saa hiyo. Damu ya pili ni baada ya saa 1 kamili, ya tatu baada ya saa 2.

Katika saa hizo mbili, kaa kwenye benchi. Kutembea hadi getini kununua vocha hushusha sukari na kuficha ugonjwa. Ukitapika glukosi, sema. Kipimo kimekufa na kitarudiwa siku nyingine.

Jambo la mwisho liko mikononi mwa maabara, lakini una haki ya kuuliza. Damu ikikaa kwenye kichupa cha kawaida, chembe zake huendelea kula sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto la Dar huharakisha. Damu iliyochukuliwa asubuhi ikapimwa mchana inaweza kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima. Dawa ni kichupa chenye kifuniko cha kijivu, na hata hicho kipimwe mapema.

Kusoma majibu

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, una kisukari cha mimba ukifikia hata kimoja kati ya hivi, kwa milimoli kwa lita (mmol/L):

- kabla ya kunywa glukosi: 5.1 hadi 6.9
- baada ya saa 1: 10.0 au zaidi
- baada ya saa 2: 8.5 hadi 11.0

Ikiwa ya kabla ya kula ni 7.0 au zaidi, au ya saa 2 ni 11.1 au zaidi, huenda hicho ni kisukari kamili kilichokuwepo kabla, na utahitaji kuonwa haraka na mtaalamu.

Kuna wanaoona 5.2 na kusema "hiyo ni kidogo, mjomba wangu ana 14". Vipimo vya mjamzito havifananishwi na vya mjomba. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2008, wa wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ulionyesha kwamba hatari ya mtoto mkubwa na ya upasuaji hupanda taratibu kadiri sukari inavyopanda, bila ngazi ya ghafla. Mpaka wa 5.1 umewekwa na watu. Mteremko ni wa mwili.

Tahadhari ya vipimo viwili: mashine nyingine husoma kwa miligramu. Ukiona 95, gawanya kwa 18 upate 5.3.

Mashine ya nyumbani

Malengo yanayotumiwa sana ni chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa 1 baada ya mlo, au chini ya 6.7 saa 2 baada ya mlo. Saa 1 huhesabiwa tangu tonge la kwanza. Ukihesabu tangu uliponawa mikono baada ya kula, utakuwa umechelewa na kilele kimekupita.

Pima mara 4 kwa siku: asubuhi, na baada ya kila mlo mkuu. Boksi la stripu 50 huisha kabla ya wiki mbili kwa mwendo huo, na si kila mfuko unamudu. Kama hali ni hiyo, zungusha: leo asubuhi na baada ya kifungua kinywa, kesho baada ya chakula cha mchana na cha usiku, keshokutwa unarudi mwanzo. Mwisho wa wiki kila mlo una alama zake. Kinachopoteza hela ni kupima asubuhi tu kila siku, maana huko ndiko sukari ya wengi hukaa vizuri huku ya baada ya mlo ikiwaka.

Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha. Mwenye utomvu wa embe kidoleni anaweza kupata 12 huku damu yake ina 6, na akapelekwa mbio kuongezewa dawa. Toboa pembeni ya kidole, si katikati, maana katikati ndiko kunakouma. Usikamue kwa nguvu. Kopo la stripu lifungwe palepale baada ya kutoa moja; unyevunyevu wa jiji hili huziharibu. Tazama tarehe ya mwisho. Na kama una upungufu mkubwa wa damu, mwambie daktari: mashine nyingi husoma juu kuliko hali halisi damu ikiwa nyepesi. Hilo linawahusu hasa wanaokula pemba, kwa sababu udongo huo huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Andika kwenye daftari la kawaida: tarehe, namba, na ulichokula. Namba isiyo na chakula pembeni haimsaidii mtu kukushauri.

Sahani

Asubuhi ndiyo saa ngumu zaidi. Homoni zinazopinga insulini ziko juu, kwa hiyo kikombe cha uji ambacho mchana kingepita salama, saa 1 asubuhi kinaweza kukufikisha 9. Na uji ndio kwanza kila shangazi anakuletea. Unga wa lishe uliosagwa laini, ukachanganywa mahindi, mchele, ulezi na soya, kisha ukatiwa sukari vijiko vinne, hupita tumboni haraka karibu kama soda. Kwamba ndani yake mna nafaka saba hakubadilishi kitu, kwa kuwa usagaji umeshamaliza kazi ya meno na tumbo. Ukishindwa kuuacha, weka nusu kikombe, wa ulezi, usitie sukari wala asali, koroga kijiko cha karanga zilizosagwa na ule na mayai mawili ya kuchemsha. Kisha pima. Ikizidi 7.8, uhamishe uji huo uwe wa saa 10 jioni.

Vitafunwa vya kwenye chai viangalie kwa macho ya hesabu. Chapati moja ya kawaida ina wanga gramu 30 hadi 40. Mandazi mawili hayako mbali na hapo. Kiazi kitamu cha kuchemsha, kipande cha gramu 100, kina kama gramu 20, lakini muhogo wa uzito uleule una karibu gramu 38. Watu huvihesabu kama ndugu. Kwa sukari muhogo ni karibu mara mbili. Kifungua kinywa kikae kwenye gramu 15 hadi 30 za wanga: kipande kimoja cha kiazi, mayai mawili au maharage ya jana, parachichi nusu, chai ya maziwa bila sukari.

Mchana na usiku gawanya sahani. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, nyanya chungu, mlenda, kabichi. Robo iwe samaki, dagaa, kuku, nyama au mayai. Robo iliyobaki ni ugali, wali au ndizi, isiyozidi ngumi yako iliyofungwa. Maharage, kunde na choroko zina wanga pia, ila huachia polepole; ukila wali na maharage, punguza wali. Anza na mboga na samaki, wali uje mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kilele cha sukari.

Dona lina nyuzinyuzi kuliko sembe na ni bora, lakini limeponza wengi, kwa kuwa huambiwa "dona ni la wagonjwa wa sukari" kisha wakala bonge la watu wawili. Bonge la dona bado ni bonge.

Usiache wanga kabisa. Mjamzito anahitaji kama gramu 175 kwa siku. Ukishuka mno, mwili huanza kuchoma mafuta na kutoa asidi zisizomfaa mtoto. Zigawe katika milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu: saa 4 asubuhi, saa 10 jioni, na kabla ya kulala. Kitafunwa kizuri cha Dar ni konzi ya karanga au korosho, au mtindi usio na sukari. Chipsi mayai, kwa wanaouliza: punguza viazi vibaki kiganja, ongeza yai na kachumbari, na bado upime.

Matunda ni baada ya saa sita mchana, moja kwa wakati, na yatafunwe. Chungwa dogo, kipande cha papai cha upana wa kiganja. Embe dodo zima linaweza kuwa na sukari kuliko chupa ya soda ya mililita 350, ambayo nayo ina kama vijiko vya chai 9, kwa hiyo msimu wa maembe kula robo. Juisi, hata ya kukamua nyumbani, hata ya miwa "isiyo na kemikali", ni sukari iliyokwishavuliwa nyuzinyuzi. Asali na tende vivyo hivyo.

Ramadhani ikikukuta, ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama. Mjamzito ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Anayetumia insulini asifunge bila kuonwa. Na meza ya futari yetu, mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kalimati na uji, ni wanga juu ya wanga.

Baada ya kila mlo tembea dakika 10 hadi 15. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Jua likiwa kali, zunguka uani au kwenye varanda. Usitembee ikiwa una damu ukeni, uchungu wa mapema, au umekatazwa.

Dawa

Chakula na mwendo hupewa wiki 1 hadi 2. Namba zikibaki juu ya malengo, dawa inaanza. Ukianza na 7.0 au zaidi asubuhi, usisubiri hata hiyo wiki.

Metformini huanza na miligramu 500 pamoja na chakula, hupandishwa polepole kwa sababu ya kichefuchefu na kuharisha. Hupita kwenye kondo, jambo utakaloelezwa. Katika jaribio kubwa la Australia na New Zealand lililochapishwa 2008, karibu nusu ya waliopewa metformini walihitaji kuongezewa insulini, kwa hiyo kuongezewa hakumaanishi umefeli. Na insulini haipandi kwa mtoto, wala haikufungi nayo maisha: kwa wengi husimamishwa siku ya kujifungua.

Bomba la sindano liwe la insulini tu, lenye alama za yuniti 100 kwa mililita. Bomba la kawaida la dukani huleta makosa ya dozi mara kumi. Ukipewa aina mbili za kuchanganya, ile angavu na ile yenye ukungu, fuata mpangilio huu. Viringisha kichupa cha ukungu kati ya viganja mara 10, usitikise. Ingiza hewa kwenye cha ukungu, toa sindano tupu. Ingiza hewa kwenye kile angavu, vuta dozi yake. Rudi kwenye cha ukungu, vuta dozi yake. Angavu kwanza, ili tone la ukungu lisiingie kwenye kichupa cha insulini ya haraka. Choma tumboni pembeni au pajani, hesabu hadi 10 kabla ya kuchomoa, na hamisha mahali kila siku. Penye uvimbe insulini haifyonzwi sawasawa. Insulini ya haraka ya kawaida huchomwa dakika 30 kabla ya kula. Ukichoma ukasikia wali haujaiva, kunywa maziwa.

Kichupa kisichofunguliwa hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Kilichofunguliwa hutumika wiki 4, nacho kisipigwe na joto. Wasio na friji hutumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga mbichi katikati. Njia hiyo ni nzuri, ila hutegemea maji kukauka, na unyevu wa pwani hupunguza ubaridi wake kuliko Dodoma. Weka chungu kivulini penye upepo.

Kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa: pima, na ikiwa chini ya 3.9 kunywa nusu glasi ya maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa. Pima tena baada ya dakika 15, rudia ikibidi, kisha kula chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Malaria ikitibiwa kwa kwinini, kuwa macho zaidi, kwa kuwa kwinini huisukuma kongosho kumwaga insulini.

Wiki za mwisho

Ultrasaundi ya ukuaji hupangwa kila baada ya wiki 4 kuanzia wiki ya 28. Mwulize mpimaji mzunguko wa tumbo la mtoto, kwa kuwa hilo hutangulia kuonyesha mtoto anayenenepa. Uzito wanaoukadiria unaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo usiutegemee kama mizani ya bucha.

Kuanzia wiki ya 28 hesabu mateke. Lala ubavu wa kushoto baada ya kula. Mateke 10 yatimie ndani ya saa 2. Yasipotimia, nenda saa hiyohiyo, usiku ukiwemo. Nenda pia ukipata kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona nyota, maumivu chini ya mbavu kulia, uso kuvimba, au presha ya 140/90.

Ukichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, sukari itapanda siku kadhaa. Omba kupimwa mara nyingi zaidi.

Aliyedhibiti kwa chakula kwa kawaida husubiri hadi wiki ya 39 au 40, bila kupita 40 na siku 6. Anayetumia dawa hujifungua wiki ya 39. Mtoto akikadiriwa kilo 4.5 au zaidi, upasuaji hujadiliwa. Chagua mahali penye chumba cha upasuaji, damu, na wodi ya watoto wachanga. Anayeishi Kigamboni apange mapema usafiri wa usiku wa kupita darajani. Wakati wa uchungu sukari hupimwa karibu kila saa, ikishikwa kati ya 4 na 7, kwa sababu sukari ya saa hizo ndiyo inayoamua ya mtoto itakavyokuwa akitoka.

Saa 24 za mwanzo za mtoto

Mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe khanga pamoja. Anyonye ndani ya nusu saa hadi saa moja, kisha kila saa 2 hadi 3, hata akiwa amelala. Dang'a ni chache kwa kiasi lakini inatosha. Mkunga akikuruhusu, unaweza kuikamua kwa mkono kuanzia wiki ya 36 na kuigandisha, iwe akiba.

Sukari ya mtoto hupimwa kisiginoni saa 2 hadi 4 baada ya kuzaliwa, kabla ya kunyonya, ikaendelea kupimwa kwa siku nzima. Mpaka ni 2.6. Ikiwa chini, hulishwa na kupimwa tena. Wapo wanaopakwa jeli ya glukosi ndani ya shavu. Ikishindikana au akiwa na dalili, hupewa dripu ya glukosi ya asilimia 10. Dalili ni kutetemeka, kulegea, kulia kwa sauti nyembamba, kukataa ziwa, mwili wa baridi, kuacha kuhema, degedege. Mtoto mnene anayelala mno asisifiwe kwamba ni mpole, apimwe.

Maji ya sukari ya bibi yasimfikie. Sukari tupu huichokoza kongosho lilelile lililozoea kumwaga insulini, na baada ya muda mfupi sukari huanguka chini zaidi. Kumwogesha kusubiri saa 24, kwa sababu mtoto anayepoa huchoma sukari aliyonayo.

Manjano yatazamwe mchana, kwenye mwanga wa dirisha, kwa kubonyeza fizi, ncha ya pua na nyayo. Watoto hawa huzaliwa na chembe nyekundu nyingi, na zikivunjika huacha rangi. Manjano ya siku ya kwanza ni ya dharura.

Arobaini na baada

Dawa husimamishwa mara baada ya kujifungua, na sukari hupimwa kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Kisha jikoni huanza uji wa pilipili manga, mtori na sukari ya kumrudishia mzazi nguvu. Mtori una ndizi, upunguziwe. Uji utiwe maziwa badala ya sukari. Nyonyesha, kwani kunyonyesha hupunguza uwezekano wa kisukari cha baadaye, ambao kwako ni mkubwa mara kadhaa kuliko kwa mama asiyewahi kupata.

Kipimo cha gramu 75 hurudiwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtoto anapelekwa chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama amembeba, yuko kliniki, hajapimwa. Funga siku hiyo, nenda mapema, mnyonyeshe kwenye benchi mkisubiri saa 2. Sasa vigezo ni vya mtu asiye na mimba: kabla ya kula 7.0 au zaidi, au saa 2 11.1 au zaidi, ni kisukari. Saa 2 kati ya 7.8 na 11.0 ni njiani. Ikiwa safi, pima sukari kila mwaka, chagua tarehe ya kuzaliwa mtoto ili usiisahau. Na kabla ya kuacha uzazi wa mpango ili kutafuta mimba nyingine, pima tena, kwa kuwa mimba hiyo ikianza sukari ikiwa juu, zile wiki nane za mwanzo za kuumbika kwa viungo zitakuwa ndani yake.